Huyu anakula kwa nani? Jinsi ya kusoma riwaya na kuangalia muvi mpaka umwelewe mhusika na jamii yake

Kila mwaka mwezi wa nane ukiingia, wakati huku kwetu watu wanamalizia kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na kusubiri korosho zianze kudondoka, vijana wa kidato cha nne wanaanza kunijia hapa kibarazani Chikongola, Mtwara, na madaftari yao, wote swali moja, mama tusaidie dhamira na wahusika, pepa mwezi wa kumi na moja. Ukifungua daftari unakuta kila kitu kimeshaandikwa. Dhamira ya kwanza nafasi ya mwanamke katika jamii, ya pili rushwa, ya tatu ndoa na mapenzi, mhusika fulani ni mpole, ana huruma, ana msimamo, basi. Madesa matupu, yaani notisi za kunakili, yametoka kwa kaka yake naye alipewa na mtu. Ukimuuliza kitabu chenyewe umekisoma anaangalia chini.

Siwalaumu kabisa. Na mimi nilisomeshwa hivyo hivyo, nikakariri, nikafaulu, na kwa miaka mingi nikafundisha hivyo hivyo. Nimekuja kuona baadae sana kwamba zile orodha za dhamira zinamfanya mtoto aanzie mwisho, anapewa jibu la swali ambalo hajaliuliza, halafu tunashangaa hapendi kusoma. Wakati huo huo mtoto huyo huyo jumapili yupo kibanda umiza, kile kibanda cha video, pale Magomeni anaangalia muvi iliyotafsiriwa, akitoka anakusimulia kila mtu kafanya nini na kwa nini na angekuwa yeye angefanyaje. Yaani uwezo anao, tunauzima sisi.

Kwa hiyo naandika hapa jinsi tunavyofanya sisi jumamosi mchana, ili mtu yeyote mwenye kibaraza, kitabu kimoja na laptopu ya kuazima aanze kwake, awe Masasi, Nachingwea, Kilwa, au Newala huko juu kwenye baridi. Hela haihitajiki sana. Inahitajika subira.

Cha kwanza ni kuchagua kitabu na muvi zinazogusana. Sio lazima muvi iwe imetoka kwenye kitabu hicho, na sio lazima kitabu kiwe kwenye silabasi, cha msingi ndani yake kuwe na watu wanaobanwa na kitu kinachofanana. Sisi tulianza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa sababu ipo yote mawili, riwaya ilitoka mwaka 1999 na muvi yake aliyoiongoza Amil Shivji ikatoka 2021, Unguja ya miaka ya hamsini wakati wa mkoloni. Halafu tukaiweka pembeni ya Titanic, ile ya James Cameron ya 1997, ambayo hapa Mtwara hata mtoto aliyezaliwa juzi anaijua. Watu walinishangaa, Titanic na Unguja wapi na wapi. Subirini.

Usisome kitabu kizima kwanza. Someni kwa sauti, mmoja anasoma kurasa mbili tatu anampa mwenzie, asiyejua kusoma vizuri anasikiliza tu na asilazimishwe. Kila akitokea mtu mpya kwenye stori, simamisha, uliza swali moja tu: huyu anakula kwa nani?

Swali ni hilo na nalipenda kwa sababu kila mtu hapa anaweza kulijibu, awe na shule au hana. Sio chakula peke yake, nalala kwa nani, nani ananivalisha, nani akikasirika kesho nitakosa. Ukishajua sahani ya mtu inatoka wapi unaanza kuelewa kwa nini anacheka pale ambapo hakuna cha kuchekesha, kwa nini ananyamaza, kwa nini anamsaliti rafiki yake. Na ukiuliza hivyo kwa watu wote wa kwenye kitabu, ile kitu tunaiita jamii inajichora yenyewe mbele yako, nani yupo juu, nani chini, nani anashikilia kamba. Huhitaji desa.

Mchukue Yasmin. Ni binti mdogo wa Kihindi anaozwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanaume wa umri wa baba yake. Anakula kwa nani? Kwa Bwana Raza. Hapo vijana wote wanaona, haya ni mambo ya ndoa ya kulazimishwa, wanataka kuandika dhamira waende nyumbani. Mimi nawaambia bado, mfuateni na sahani yake. Yasmin anatoroka kwa mumewe, anaenda kwa mjomba wake, na mjomba anamkataa.

Tulipofika hapo kibaraza kililipuka. Lazima uelewe huku kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo ulikuwa unafuata kwa mama, mjomba ndo mwenye mtoto, akioa mjomba yupo, akiugua mjomba yupo, kesi yoyote ikizidi nguvu za baba inapelekwa kwa mjomba. Siku hizi mambo yamebadilika sana ila ile heshima imebaki kwenye damu. Kwa hiyo mtoto kumkimbia mume mzee tulimwelewa haraka, ila mjomba kufunga mlango, mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, pale njia panda ambaye alikuja tu kupumzika kivulini akaweka ungo chini akasema huyo mtoto sasa hana mtu duniani. Madesa yote niliyowahi kuyaona yanapita juu ya tukio hilo kwa mstari mmoja. Kwetu ndo ilikuwa kilele cha sura nzima, na ni sawa kabisa, usiogope kusoma kitabu kwa macho ya kwenu, mwandishi kaandika Unguja lakini msomaji yupo Mtwara.

Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili, maskini, mwimbaji wa taarabu, hana undugu naye hata chembe. Sasa uliza tena, Yasmin anakula kwa nani? Kwa mtu ambaye mwenyewe hana. Hapo ndipo mwandishi anapoanza kusema kitu kuhusu Unguja ile iliyogawanywa Mhindi huku Mwarabu huku Mwafrika kule, na hajasema kwa hotuba, kasema kwa kumbadilishia mtoto nyumba ya kula. Baadae anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigana na serikali ya kikoloni, huyo hana hata cha kumlisha mtu, na bado Yasmin anamfuata. Mnaona? Kila hatua sahani inapungua na yeye anakua mtu zaidi. Hiyo niliiona siku hiyo na wao, sikuwa nimeiona kabla.

Na usiwasahau wahusika wadogo. Yumo Koplo Matata, askari mweusi anayewakimbiza weusi wenzake kwa amri ya Inspekta Wright. Vijana walimtukana sana. Nikauliza swali letu, wakanyamaza kidogo, kijana mmoja wa boda akasema anakula kwa mzungu, na watoto wake wanakula kwa mzungu. Haimfanyi awe mtu mzuri. Ila sasa tunajua mkoloni alitawala vipi, hakuwa na wazungu wa kutosha kila kona, alikuwa na mishahara.

Titanic sasa. Kila mtu anaikumbuka kwa mapenzi, Jack na Rose pale mbele ya meli wamefungua mikono. Nikawaambia leo tunatafuta sahani. Kuna kipande mama yake Rose anamkaza mwanae kamba za nguo mgongoni, anavuta kweli kweli, huku anamkumbusha kwamba hela zimeisha, baba aliacha madeni tu yamefichwa nyuma ya jina zuri, kwa hiyo asipoolewa na Cal tajiri wao wawili watashona nguo za watu. Tumeiona hiyo muvi mara ngapi sisi wote? Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakikumbuka. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema kumbe Rose ni Yasmin. Nikanyamaza kabisa, nikaacha wajadili wenyewe, maana hapo kazi yangu ilikuwa imeisha.

Ukiwa na muvi tumia faida ambayo kitabu hakina. Zima sauti. Kweli, zima kabisa dakika kumi, na sio wakati wa mapigano, chagua kipande cha watu wanakula. Titanic kuna ile chakula cha jioni cha daraja la kwanza, Jack kaalikwa kavaa suti ya kuazimwa, mbele yake vijiko na uma vimepangwa mstari mrefu. Bila sauti utaona nani anaangalia mikono ya nani, nani anaongea na wahudumu na nani hawaoni kabisa, nani anacheka kwa kuchelewa. Halafu muda mfupi baadae Jack anamshusha Rose kule chini daraja la tatu, ngoma, jasho, bia, watu wanagusana. Hayo matukio mawili yakae pembeni kwa pembeni hapo una matabaka bila kutaja neno matabaka. Ukimaliza wape ukweli wenyewe wa meli ile, ilizama kweli mwaka 1912 wakafa watu zaidi ya 1,500, na abiria wa daraja la kwanza walipona zaidi ya nusu wakati wa daraja la tatu walipona kama robo tu. Hapo muvi inaacha kuwa ya mapenzi peke yake.

(Wale wanaosema muvi za kutafsiriwa zinaharibu, mimi sikubaliani. Anayetafsiri anaongeza chumvi ni kweli, ila watu wengi huku waliingia kwenye stori za dunia kwa mlango ule. Wewe angalieni ile ya kutafsiriwa kwanza kama ndo mnayo, halafu kipande kile mnachokijadili kirudieni bila sauti.)

Kitu cha pili tunachofanya ni ukuta. Hii nimeiiba kwenye kitabu. Chinua Achebe kwenye riwaya yake ya 1958, kwa Kiswahili iliitwa Shujaa Okonkwo, baba yake Okonkwo anaitwa Unoka, mpiga filimbi, mpenda starehe, mdaiwa wa kijiji kizima. Jirani kaja kumdai, Unoka anacheka, anamwonesha ukutani mistari ya chaki, kila kundi la mistari ni deni la mtu na kila mstari ni kauri mia, yale makombe yaliyokuwa hela yao, anamwambia nitaanza kulipa madeni makubwa kwanza. Watu walicheka mpaka machozi. Basi na sisi tuna chaki na kibao, tukisoma tunaandika jina la mhusika na mistari kwa kila kitu anachodaiwa, iwe hela, fadhila, ahadi, au hofu. Jina lenye mistari mingi ndo huyo wa kumfuatilia, hata kama kitabu hakimwiti mkuu.

Unoka alikufa na madeni yake, na mwanae akaishi maisha yote anakimbia kufanana naye. Okonkwo anaanzia sifuri, anaenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu, anapewa 800, kwa makubaliano kwamba kwenye mavuno yeye atabaki na theluthi moja tu. Kijana mmoja wa kutoka Tandahimba akasema hapo hapo, mama hiyo si kangomba? Kwa asiyejua, kangomba huku ni ile biashara ya korosho ya pembeni, mtu anakupa hela wakati wa njaa, korosho zikiiva anakuja kuchukua kwa bei yake na kipimo chake, na wewe huna mdomo wa kukataa maana ulishakula. Tulibishana nusu saa. Wengine wakasema hapana, Nwakibie kamwamini kijana asiye na kitu, wengine wakasema theluthi moja ni unyonyaji vyovyote utakavyoita. Mimi sikutoa jibu, ila niliona jinsi kitabu cha Nigeria kimekaa katikati ya kibaraza cha Mtwara kama kimeandikwa hapa.

Sasa kuna mtego. Ukizoea swali la sahani unaweza kufika mahali unamsamehe kila mtu, ah maskini alikuwa anadaiwa, jamii ndo mbaya. Sio kweli, na hapa nataka tukae kidogo maana ndipo wanafunzi wanapochanganya tabia ya mhusika na dhamira ya kitabu. Fanya hivi. Mtoe mhusika kwenye nafasi yake, umuweke mtu mwingine wa kitabu hicho hicho. Je, naye angefanya vile vile? Kama karibu kila mtu angefanya vile, basi unachokiona ni jamii. Kama mwingine alikuwepo pale pale na akafanya tofauti, basi hiyo ni tabia ya huyu mtu na lazima aibebe mwenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni Ikemefuna. Kijana aliletwa kutoka kijiji kingine kama fidia, akakaa kwa Okonkwo miaka mitatu, akala naye, akamwita baba. Siku ikafika kijiji kimeamua auawe. Mzee Ezeudu akaja mwenyewe kumwonya Okonkwo, mtoto huyo anakuita baba, usiwemo. Okonkwo akaenda, na mtoto alipomkimbilia yeye akiomba msaada, yeye ndiye akamkata, asije akaonekana dhaifu. Wanafunzi wanaandika, mila potofu. Ndio, uamuzi wa kuua ulikuwa wa jamii. Ila Obierika, rafiki yake, wa kijiji kile kile, mila zile zile, alikaa nyumbani hakwenda. Kwa hiyo kifo ni cha jamii, ila panga ni la Okonkwo, na lile panga linatoka kwenye mistari ya chaki ya baba yake. Ukiweza kutenganisha hayo mawili kwenye jibu lako la mtihani, mtu anayesahihisha atakaa vizuri kwenye kiti.

Na ukifika kule mbele Okonkwo anafukuzwa kijijini miaka saba, anakimbilia wapi? Ujombani, Mbanta, kwa mjomba wake Uchendu. Mwanaume aliyedharau kila kitu cha kike analelewa upya na upande wa mama, watoto watano wa mjomba kila mmoja anamchangia mbegu 300. Mama wa ming'oko hakuwepo siku hiyo, nilisikitika, nilitaka aone mjomba aliyefungua mlango.

Kama unao wazee jirani wakaribishe, hasa kwa muvi za Kihindi za zamani. Tuliweka Mother India ya 1957, karibu masaa matatu, tukaigawa jumamosi mbili. Bibi mmoja aliiona ujanani Dar, akakaa mbele kabisa kwenye mkeka. Stori ni ya Radha, anaolewa, kumbe mama mkwe alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala ili kufanya harusi, na kwa sababu hawajui kusoma kilichoandikwa kwenye daftari la deni, familia inabaki kumlipa robo tatu ya mavuno kila mwaka kama riba tu, deni lenyewe halipungui. Mume anapoteza mikono anaondoka, mafuriko yanakuja, mama anavuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake. Mwishoni mtoto wake Birju anapokuwa jambazi na kumteka binti wa Sukhilala, mama mwenyewe anampiga risasi mwanae.

Vijana walikuwa upande wa Birju. Wote. Bibi akasema mama kafanya sawa. Nikawaambia vijana watumie lile jaribio la kubadilisha mtu, kaka yake Birju alilelewa njaa ile ile na mama yule yule, na hakuwa jambazi. Wakasema ndio ila kaka mtu hakubadilisha chochote, deni lipo pale pale. Hoja nzito, na bibi hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Iacheni ibaki hivyo. Mkilazimisha kila mjadala uishe na funzo, wiki ijayo hawaji, na watakuwa na haki.

Kitu kingine, kibarazani kuna watu na maisha yao. Ukisoma habari ya binti kuozwa mapema, au baba mlevi, au deni, usimwangalie mtu, na usiseme kama yule jirani yetu. Tulipokuwa tunasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, baadhi ya vijana wa kiume walianza kumwita Rosa majina mabaya. Nikawaomba warudi nyuma mpaka pale baba yake Zakaria anapompiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Mtoto amelelewa asiongee na mwanaume yeyote, halafu anaachiwa dunia nzima ya wanaume siku moja, amefundishwa na nani kusema hapana? Alifundishwa kuogopa tu. Waliosema wakanyamaza, na kuna msichana mmoja aliyekuwa anakaa nyuma siku zote ambaye kuanzia hapo alianza kukaa katikati. Sikumuuliza kitu. Na wewe usiulize, kitabu kinatosha kuongea na mtu bila wewe kuingia katikati. Ila ukimwona mtu anaumia kweli, mfuate baadae mkiwa wawili, na kama ni jambo la hatari mpeleke kwa mtu anayeweza kumsaidia, hiyo sio fasihi tena.

Vitabu vingine swali la sahani halifanyi kazi vizuri, niseme ukweli. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, nchi inaelea hewani, mtu anaitwa Karama, anayemshtaki ni waziri anaitwa Majivuno. Majina yenyewe yameshakwambia, hao sio watu wa kula na kulala, ni mawazo yaliyovalishwa kanzu. Pale badilisha swali, uliza nani anaruhusiwa kusema na nani anaruhusiwa tu kusikiliza. Kosa la Karama ni kutaka watu wajifunze sheria, na anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa kila upande wakarudi na habari njema wakaishia kuteswa. Kumbuka ilitoka miaka kumi kabla ya uhuru, mtu mweusi akiandika waziwazi kuhusu serikali asingefika mbali, kwa hiyo nchi ikapelekwa hewani. Ukijua hivyo ile lugha nzito inaanza kupumua.

Mkishaona kitabu na muvi yake, kama Vuta N'kuvute, msipoteze muda kuuliza ipi nzuri. Muvi ni kama saa moja na nusu, riwaya ni siku kadhaa za kusoma, lazima vitu viondoke. Orodhesheni nini kimeondoka na nani kapunguzwa, halafu ulizeni bila yeye stori imekuwa ya nani. Ila angalieni pia muvi imeongeza nini, vichochoro, mwanga, taarabu unayoisikia kweli badala ya kuambiwa kuna mtu anaimba.

Kuandika sasa, maana mwisho wa siku pepa ipo. Anza na tukio, usianze na dhamira. Badala ya kuandika "Yasmin ni mwanamke mwenye msimamo, dhamira ni ukombozi wa mwanamke", jaribu kama alivyoandika msichana mmoja hapa kwetu, nimemuomba ruhusa: "Yasmin anapotoka kwa mumewe anategemea mjomba wake atampokea, lakini anafungiwa mlango na watu wa damu yake, na anayemfungulia ni Mwajuma ambaye hana undugu naye wala mali. Kwa tukio hili mwandishi anaonesha kwamba ukombozi wa Yasmin unaanza siku anapovuka mpaka wa rangi na tabaka, na kwamba jamii inayolinda heshima ya ukoo ndiyo hiyo hiyo inayomtupa mtoto wake." Sentensi mbili. Tukio lipo, mhusika yupo, dhamira ipo, na hakuna mtu mwingine Tanzania nzima atakayeandika maneno hayo hayo. Wakizoea sentensi mbili za hivyo kwa kila tukio, insha inajijenga.

Sisi tunaenda Kinjeketile sasa, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Sio riwaya najua, ila mwandishi ni mzaliwa wa Kilwa, na vita vyenyewe vya Maji Maji vilianza 1905 kwenye milima ya Umatumbi, hapo hapo Kilwa, wazee wa baadhi ya watu wanaokuja kibarazani walipigana. Kila mtu anakumbuka maji na risasi. Mimi nataka tuanze na onyesho la kwanza, wanawake wapo nyumbani wanaongelea shida ya chakula, waume zao wapo wanafanya kazi shamba la Bwana Kinoo. Chaki ipo, kibao tumekifuta. Jumamosi saa tisa mchana baada ya adhuhuri kupoa, kiti uje nacho maana mikeka imeshajaa.